Miguu Hii Inauma Kweli

Naandika kwa ajili yako uliyeambiwa kwamba huumwi kitu, umenenepa tu. Wewe ambaye mtoto akikukimbilia unatanguliza mikono asije akakuparamia mapajani. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Tanga, nimeolewa, nina watoto wawili. Miguu yangu iliniuma miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuniambia inauma kwa sababu gani. Leo nafanya kazi, nacheka, usingizi naupata. Ugonjwa haujaondoka, upo, lakini siuogopi tena kama zamani, isipokuwa usiku fulani fulani, na hilo nalo nitakusimulia.

Yalianza nikiwa kidato cha pili. Nilivunja ungo mwaka huo, na haikuchukua muda sketi ya shule iliyonienea vizuri ikakataa kupita nyongani. Kiuno kilikuwa kilekile, mikono ileile. Kilichokua ni kuanzia nyonga kushuka hadi kifundo, miguu yote miwili sawasawa, halafu unene ukakomea hapo. Nyayo zikabaki nyembamba za kisichana. Nani angesema ni ugonjwa? Mtaani wavulana walisema nina mguu wa bia, na akina mama wakanitazama na kutabasamu, huyu hatachelewa kuolewa. Niliona fahari, mbona nisione. Lakini asubuhi tukikimbia mchakamchaka, wenzangu wakilalamikia pumzi, mimi nililalamikia mapaja. Tena nilivilia damu ovyo. Nikijigonga kidogo kwenye dawati, kesho yake pana doa la bluu. Mama alisema nina damu nyepesi, basi ikawa hivyo.

Nikajifunza ushonaji, nikaolewa, nikapata mimba ya kwanza. Miguu ikaongezeka, na nilipojifungua haikurudi. Kliniki waliniambia ni uzazi, itapungua nikinyonyesha. Haikupungua, na mimba ya pili ikaongeza juu ya ile ya kwanza. Sasa mimi ni fundi, na futi ya kupimia haimwonei mtu haya. Kiuno changu kilikuwa inchi 33, nyonga 52. Wateja wangu wenye nyonga kama hizo wana viuno vya 44. Gauni langu mwenyewe nililikata kwa vipimo vya wanawake wawili, juu wa kwake, chini wa kwake.

Ngoja nikueleze maumivu yenyewe, maana hapo ndipo tunaposhindwa kujieleza tukaonekana waongo. Kuna uzito kwanza, unaoanza saa za mchana na kukomaa jioni, mpaka kupandisha mguu kwenye kizingiti ni kazi ya kupangia. Joto la Tanga likipanda, ngozi inakaza kwa ndani, kama vile mtu amekata nguo ndogo akaishona ukiwa umo ndani yake. Halafu kuna kuguswa. Mkono wa mtu ukitua pajani, hata kwa upendo, unaruka. Paka akikanyaga, unaruka. Ukingo wa stuli ya cherehani ulikuwa unanikata chini ya mapaja kutwa nzima. Kwenye daladala, abiria akiweka kapu lake nusu kwangu nusu kwake, nilishuka kabla ya kituo changu. Ukibonyeza nyama ya paja polepole utasikia vinundu vidogo vigumu ndani, na siku za hedhi zikikaribia vinauma bila hata kubonyezwa.

Mtoto wangu wa pili alikuwa na mtindo wa kunipanda na kupiga magoti mapajani ili anishike masikio. Nilimshusha kwa haraka kila mara. Aliwahi kumuuliza baba yake kama mama amemchoka.

Kisha yale madoa. Akina mama wa jumuiya waliyaona tulipokuwa tunapika kwenye shughuli ya harusi, nimefunga khanga juu ya goti kwa sababu ya maji. Hawakuniuliza mimi. Jumapili baada ya ibada mzee wa kanisa akamwita mume wangu pembeni. Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono hata siku moja. Alirudi nyumbani akakaa, chakula hakukigusa. Nilipomuuliza akasema, "Mama watoto, wanasema nakupiga." Tangu hapo nikawa navaa dera refu na suruali ndani yake, joto liwe lolote.

Hospitali nilikwenda, usidhani nilikaa. Nilianza kituo cha afya, nikapandishwa kwenye mizani, nikaambiwa nipunguze kula. Nikapimwa mkojo, figo safi. Moyo safi. Huku pwani mguu ukivimba, jina lake linakutangulia hospitali. Ni matende. Tumekua tukiyaona kwa wazee wetu, na sote tunajua yanavyotoka: minyoo midogo inayoenezwa na mbu, inaziba mifereji ya limfu, maji yanakosa njia ya kurudi juu. Serikali ilikuwa inapita mitaani kugawa ivermektini na albendazole, na mimi nilimeza kama wengine. Nikapimwa matende. Damu yake huchukuliwa usiku, kwa kuwa vijidudu vile huingia kwenye damu ya juu juu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Basi tuliketi mimi na mume wangu kwenye benchi la zahanati saa tano za usiku, mbu wanatutafuna, tukacheka kwamba tumekuja kupimwa ugonjwa wa mbu. Hawakuona kitu. Baadaye nikapimwa kwa kile kipimo cha kijiti kisichongoja usiku. Nacho hakikuona kitu.

Lakini jina lilikwisha kutoka. Mteja wangu wa siku nyingi alikuwa ameniletea vitambaa vya sare ya harusi ya mwanawe. Akasikia, akarudi kuvichukua kabla sijavitia mkasi. Nilimwambia matende hayakai kwenye kitambaa, wala hayaambukizi kwa kukaa pamoja. Alisema anajua. Akavichukua.

Nikafanya nilivyoagizwa, nikajinyima. Chai kavu, tango, kipande cha samaki, maji. Na kweli nilipungua. Mashavu yaliingia, mifupa ya shingo ikatoka, mikono ya magauni ikapwaya. Kifua kikashuka inchi sita. Paja halikushuka hata moja. Watu wakaanza kunong'ona mengine, unayajua, mtu akikonda usoni husemwa nini. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, aliniambia nikapime Ukimwi. Nilikuwa nimeshapima, nikapima tena ili nimpe karatasi aisome mwenyewe. Niliporudi kwa daktari, akatazama mizani, akatazama miguu, akaniuliza kama nakula usiku kwa siri. Mume wangu alinishika mkono tukatoka. Mpaka leo nikiiona mizani ya aina ile, yenye kile chuma cha kusogeza, moyo unanienda mbio.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Shangazi yangu alikuja kutoka Pangani. Alisema miguu hii si ya bure, nimekanyaga kitu. Kwa mganga nilikataa. Basi akasema kukandwa si uganga, ni mikono tu na maji ya moto, yupo mama anayejua kuyatawanya maji mabaya. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, mpendwa. Mtu aliyechoka hukubali.

Wakanilaza kwenye mkeka. Shangazi akanishika mabega. Yule mama akaanzia kifundoni kupanda juu. Kwa viganja. Kisha kwa viwiko.

Nilipiga kelele.

Akasema, inatoka hiyo.

Nikaomba aache. Shangazi akasema, vumilia mwanangu, uzazi uliuvumilia.

Mwisho wake siukumbuki. Nakumbuka bati. Nakumbuka kutu pembeni mwa misumari.

Asubuhi miguu yote ilikuwa imevilia, kutoka kifundo hadi nyonga, zambarau na nyeusi. Kusimama sikuweza. Nilijikojolea kitandani kwa kuwa msalani sikufika. Mume wangu alifua shuka, akaanika, hakusema neno. Simlaumu shangazi. Alifanya alilolijua, na alilia kuliko mimi alipoona.

Ilikuwa masika. Cherehani ilifunikwa khanga. Nilikuwa nameza vidonge vya diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuwaka na nikawa natapika. Kanisani sikwenda. Kwaya wakaja kuniimbia, nikajifanya nimelala.

Usiku mmoja niliamka. Umeme umekatika. Mvua inanyesha. Nilishika paja. Likauma. Nikaliachia, likaendelea kuuma. Nikasema kwa sauti, Mungu, ikatwe. Yote miwili. Wanikate. Halafu nikasema jambo jingine ambalo siliandiki, maana watoto wangu wanajua kusoma.

Mume wangu alikuwa macho. Aliwasha tochi ya simu, akanitazama usoni, akaona kwamba sitanii. Hakunikemea. Alishuka akaketi sakafuni, akanishika unyayo, kwa kuwa unyayo ndipo mahali pekee alipojua hapaumi. Akaomba. Sikumbuki maneno. Nakumbuka kwamba hakuniachia mpaka adhana ya alfajiri iliposikika msikiti wa jirani, na ndipo nikasinzia.

Kama uko hapo nilipokuwa, mwamshe mtu. Mumeo, dada yako, jirani. Mwambie lile jambo kwa maneno yake. Usingoje kupambazuke.

Siku ya pili yake mama alifika kutoka Korogwe, mume wangu alikuwa amempigia. Alinifunua shuka akatazama muda mrefu. Nilidhani anatazama madoa. Akasema, "Hii ni miguu ya mama yangu."

Bibi mzaa mama alifariki nikiwa mdogo, na sote tulijua kwamba alikuwa na matende. Mama akaanza kukumbuka jambo moja moja. Bibi alivaa viatu vyake vya kanisani mpaka mwisho, vidogo, vya kufunga mkanda. Mwenye matende ya miaka mingi viatu vile haviingii. Bibi alivilia damu kwa kugongwa na ndama. Na bibi hakutaka mjukuu ampande mapajani. Alikuwa anasema, kaa hapa pembeni, nishike mkono. Wajukuu tukasema bibi mkali. Mama akanyamaza hapo. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anaumwa," akafunika uso na upande wa khanga. Alimlilia mama yake pale kitandani kwangu, miaka mingi baada ya msiba.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa Dar es Salaam. Akasema njoo huku. Safari ya basi siisimulii, unaweza kuikisia. Kwenye hospitali kubwa nikapigwa altrasaundi ya mishipa ya damu ya miguu, haikuonyesha tatizo, na daktari akanipeleka kitengo cha fiziotherapia. Huko nilipokelewa na mama wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa matende. Kabla hajaweka mkono aliniuliza, "Nikikugusa itauma?" Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu wa hospitali. Nikashindwa kujibu.

Alianza chini. Akajaribu kubana kwa vidole viwili ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ikainuka. Akanieleza kwamba kwenye matende ngozi ile hunenepa, haibaniki. Ni alama iliyoelezwa na daktari Mfaransa, Stemmer, mwaka 1976. Akabonyeza muundi kwa dole gumba akahesabu taratibu, akaachia. Hapakubaki shimo. Akapitisha kidole kwenye ule ukingo juu ya kifundo, unene unapokoma ghafla na unyayo kuanza. Akaniuliza yalianza lini. Nikasema nilipovunja ungo. Yakazidi lini? Mimba. Kuna mwingine kwenu? Nikamtazama mama yangu, niliyekuwa nimekuja naye.

Akasema, "Una lipedema, mama. Na lipedema inauma."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nililia pale mpaka yeye mwenyewe akaenda kunitafutia maji. Aliyoyasema baadaye nimeyauliza mara nyingi, na mdogo wangu ameyasoma na kunisomea, kwa hiyo nitakueleza kadiri fundi cherehani anavyoweza. Kumbe si ugonjwa wa juzi. Madaktari wawili wa Mayo Clinic kule Rochester, Marekani, Allen na Hines, waliuandika mwaka 1940. Mwaka 1951, pamoja na mwenzao Wold, wakaandika tena habari za wagonjwa 119. Bibi yangu angeweza kabisa kuambiwa anaumwa nini, laiti habari ingefika. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeutaja kwa jina lake. Huwapata wanawake, wanaume ni nadra mno, na huanza au kuzidi pale mwili wa mwanamke unapobadilika: kuvunja ungo, mimba, kukoma hedhi. Na huenda kwa ukoo.

Kwa nini unauma? Mafuta yale yenyewe yana ugonjwa. Madaktari wanadhani yana mwako wa ndani, vijimishipa vyake vya damu ni dhaifu vinapasuka kwa kitu kidogo, ndiyo yale madoa, na mishipa ya fahamu iliyomo inashtuka upesi. Nilipenda zaidi alichonieleza kuhusu kipimo kimoja cha Ujerumani. Waliwachukua wanawake wenye lipedema na wasio nayo, wakawabonyeza kwa kifaa kinachopima nguvu. Pajani, wenye lipedema walisikia maumivu mapema zaidi, kwa kubonyezwa kidogo. Mkononi walikuwa sawa na wenzao. Unaona? Wangekuwa wadeka, wangedeka na mkononi. Nilimwomba mdogo wangu anisomee hiyo tena kwenye simu usiku ule, na mama naye akataka asomewe.

Tena maumivu hayafuati ukubwa wa mguu. Yupo mwenye mguu mdogo anayeumia usiku kucha, na mwenye mguu mkubwa anayeumia kidogo. Ndiyo sababu nilipokonda mashavu maumivu yalibaki palepale. Yule mama hakunidanganya kuhusu uzito, lakini. Alisema njaa haiyeyushi mafuta haya, ila uzito mwingine ukiongezeka juu yake mguu unazidiwa, kwa hiyo nile vizuri, nile samaki wangu na mboga zangu, niache kujiadhibu. Na akasema maumivu yakikaa miaka, mishipa ya fahamu inazoea kuuma, hata kitu kidogo inakipokea kikubwa. Kukosa usingizi na hofu vinazidisha. Kwa hiyo usingizi ni sehemu ya tiba. Vidonge vile vya kila siku alivisimamisha, akanirudisha kwa daktari kwa ajili ya tumbo.

Tiba yenyewe ina sehemu nilizozipenda na moja niliyoichukia. Nianze na ya kuchukia: soksi za kubana. Si zile za kuvuta za dukani. Hizi hufumwa bapa kwa kipimo chako mwenyewe halafu hushonwa, zina mshono nyuma mguu mzima. Yule mama alipotoa futi kunipima, nikamwambia nipe, nitasoma mimi, wewe andika. Kifundo, muundi, chini ya goti, katikati ya paja, nyonga. Tulicheka sana. Ziliagizwa nje na bei yake ilinikatisha tamaa kabisa. Waliolipa ni ndugu zangu, wenzangu wa vikoba, na kwaya ileile niliyoifumbia macho. Mungu awakumbuke. Kuzivaa ni vita ya kila asubuhi, unavaa glavu za mpira ili zisikwaruzike, unavuta kidogo kidogo, na Januari huku Tanga utatoka jasho hata la machozi. Lakini jioni miguu ni miepesi. Usizinunue kwa kukisia, kwanza daktari ahakikishe ateri za miguu na moyo wako viko sawa, vinginevyo zitakudhuru.

Ninayoipenda ni bahari. Alisema maji yanabana mguu kwa usawa pande zote, na kadiri unavyoshuka yanabana zaidi, kwa hiyo mwili unabanwa bila kuumizwa. Basi Jumamosi alfajiri tunakwenda Raskazone, mimi na wifi yangu yuleyule wa karatasi, tunaingia na madera yetu mpaka kifuani na kutembea huku na huku. Humo ndani siumwi. Mara ya kwanza nilidhani nimeota. Wifi alinishika kiganja akaanza kuimba pambio, nami nikadakia, na wavuvi waliokuwa wanavuta mtumbwi wakatushangaa.

Mume wangu alikuwa amekwisha kununua mota ya kufunga kwenye cherehani ili nisikanyage. Yule mama akasema mota iwe ya siku mbaya tu. Kukanyaga kunachezesha kifundo, na kifundo kikicheza maji ya mwili yanapanda. Adui yangu alikuwa stuli. Tukatafuta kiti kipana, fundi seremala akauviringisha ukingo wa mbele, nikauvika sponji na kitambaa cha kochi. Kazi ya jioni moja, na nilikuwa nimeteseka na stuli ile toka nianze ufundi. Kuna pia upasuaji wa kufyonza mafuta yale. Ujerumani bima za umma zilianza kuulipia mwaka 2020 kwa wanawake waliofika hatua ya tatu. Mimi sina njia hiyo kwa sasa, na siiwazi sana.

Mtoto wangu wa pili nilimketisha nikamweleza. Nikamwambia mapaja ya mama yana ugonjwa, mabega hayana. Sasa ananipanda mgongoni, mkubwa mzima, na baba yake anamfukuza. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani akamwomba mume wangu radhi, wakanywa chai.

Nilisema nitakuambia na hofu. Ipo. Mvua ikinyesha usiku na umeme ukakatika, mkono wangu wenyewe unakwenda pajani kujaribu kama linauma vile. Wakati mwingine linauma. Nakaa kitandani nahema, na naisikia ile sauti, inatoka hiyo. Mtu akinyanyua mkono ghafla karibu na miguu yangu bado naruka. Mume wangu ameshajua, hushuka akanishika unyayo bila kuulizwa.

Kwa hiyo wewe, ukienda hospitali, usiseme tu miguu imevimba. Sema imenenepa yote miwili sawa na nyayo hazimo. Sema inauma ikiguswa, na inavilia damu kwa kitu kidogo. Sema ilianza lini, na taja bibi na shangazi zako. Ukijinyima juu kunakonda na chini hakukondi, liseme. Mtu akitaka kukukanda kwa nguvu, kataa, hata akiwa mkubwa wako. Na ikiwa ni mguu mmoja umevimba ghafla na una joto, hiyo si habari yangu mimi, hiyo huenda damu imeganda, kimbia siku hiyohiyo.

Binti yangu amevunja ungo mwaka huu. Sketi yake ya shule nimeifumua nyongani na kuachia inchi moja. Kiuno sikukigusa. Nilikaa na ile sketi mkononi muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Anasema miguu haimuumi, na mimi namuuliza mpaka anakereka, "Mama jamani, ikiuma nitasema." Atasema, maana anajua ataaminiwa. Bibi yake naye, kila akipiga simu kutoka Korogwe, anaanza na miguu ya mjukuu kabla ya salamu.

Mwezi ujao tunakwenda Dar pamoja, yeye kuangaliwa, mimi kupimwa soksi mpya maana hizi zimelegea. Nimeshaomba siti za mbele, penye nafasi ya kunyoosha miguu. Mtuombee safari njema.